Mali Bila Daftari: Maneno juu ya Kazi katika Kampuni Kubwa



Tumeombwa tuseme machache juu ya kazi katika kampuni kubwa. Neno hili latuhusu sote, kwani katika pwani yetu ni nyumba chache zisizopata kutoa mtu wa kwenda kukata mkonge Vipingo, kubangua korosho Kilifi, au kukusanya chumvi kaskazini ya Malindi.

Kwanza tuseme mema yake, maana mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kampuni kubwa hulipa kwa siku inayojulikana. Mvua ikikosa na mahindi yakakauka, mshahara haukauki. Kwa fedha hizo wengi wetu tulisomesha watoto na kuezeka mabati.

Lakini kazi yenyewe si nyepesi. Mkata mkonge huamka kabla ya alfajiri ili amalize kipimo chake jua lisijapanda. Huondoa mwiba ulio nchani mwa jani, kisha hufunga majani matita na kuyapanga yahesabiwe. Mbangua korosho naye hujihadhari na mafuta ya ganda yanayounguza vidole. Hayo tuliyazoea. Lililo gumu kuzoea ni hili: ukilima kwa jirani, hukujua kwa jina lako na la baba yako, katika kampuni kubwa wajulikana kwa namba. Mnyapara hubadilishwa, meneja huhamishwa, kampuni huuzwa, na mwenye mali huenda usimwone maisha yako yote. Linalobaki ni lile lililoandikwa.

Tulijifunza haya kwa uchungu. Mwenzetu mmoja alitumikia kampuni, ambayo hatutaitaja, kwa miaka mingi. Siku ya kuachishwa aliambiwa kwamba daftari laonyesha miaka minne tu, kwani kila msimu aliandikwa upya kama kibarua. Hati zake za mshahara alikuwa akiwashia moto jikoni. Sisi tuliofanya kazi pamoja naye twajua kwamba alisema kweli. Lakini ofisi haikuisikia kweli isiyo na karatasi.

Wala tusidhani kampuni kubwa haifi. Kiwanda cha korosho cha Kilifi kilianza katika miaka ya 1970. Katika miaka ya 1990 milango yake ikafungwa, na wafanyakazi wakarudi makwao.

Kwa hiyo twawasihi vijana, nanyi wazee mtusaidie kuwaambia. Kwanza, hifadhi kila hati ya mshahara. Pili, hakikisha kwamba fedha unayokatwa, pamoja na ile ya mwajiri, yafika katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ulioundwa mwaka 1965. Tatu, uondokapo dai cheti cha utumishi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yakupa haki hiyo ukiwa umetumika majuma manne mfululizo. Nne, jiunge na chama cha wafanyakazi, kwani kidole kimoja hakivunji chawa.

Asiyejua kusoma asione haya. Na alete karatasi zake kwetu, tutamsomea mbele ya shahidi amtakaye.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twasema, jasho la mtu nalo ni mali.