Kalenda ya Kiota na Ratiba ya Mkandarasi



Nimeombwa nizungumzie ulinzi wa ndege walio kwenye viota na viumbe walio hatarini kutoweka wakati wa ujenzi. Nitaanza na chura, kwa sababu sijui mradi wa Tanzania uliotufundisha jambo hili kwa gharama kubwa kama ule wa umeme wa Kihansi.

Mwaka 1996, ujenzi ukiwa umekwisha kuanza, watafiti walimkuta kwenye korongo la Mto Kihansi chura mdogo wa rangi ya dhahabu ambaye sayansi haikuwa ikimjua. Chura huyu hatagi, anazaa. Makazi yake yote duniani yalikuwa hekta chache za majani, yaliyolowa usiku na mchana kwa manyunyu ya maporomoko. Bwawa lilipoanza kazi, sehemu kubwa mno ya maji hayo ilipitishwa kwenye handaki ikazungushe mitambo ya megawati 180, na manyunyu yakakatika. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura wapatao 500 walisafirishwa hadi Bronx Zoo, New York. Mwaka uliofuata yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji pale korongoni, na vyura waliobaki wakaongezeka. Kisha mwaka 2003 idadi yao ikaanguka ghafla, na ugonjwa wa kuvu ukakutwa kwao. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba chura wa Kihansi ametoweka porini. Waliozaliwa Marekani walianza kurudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 wengine wakaachiwa korongoni.

Siwalaumu wahandisi wa Kihansi kwa kutompenda chura. Kosa lilikuwa la wakati. Angejulikana kabla michoro haijakamilika, kiasi cha maji ya kuachwa mtoni kingekuwa tarakimu moja zaidi ya kukokotolewa mezani. Alipojulikana, mikataba ilikuwa imesainiwa na mikopo inahesabiwa riba. Kila hatua ya kumwokoa ikawa nyongeza juu ya mradi uliokwisha kupangwa.

Ziwa Natron mambo yalikwenda vingine. Ndipo mahali pekee Afrika Mashariki ambapo heroe wadogo, yaani flamingo wadogo, huzaliana kwa uhakika. Inakadiriwa kuwa takribani robo tatu ya heroe wadogo wote duniani huanguliwa pale. Jozi hujenga kiota cha matope katikati ya magadi makali ambayo fisi na mbweha hawathubutu kuyavuka, na hutaga yai moja tu. Mradi uliopendekezwa ulikusudia kuzalisha tani 500,000 za magadi kwa mwaka, kwa mabomba na pampu ndani ya ziwa lenyewe. Hoja ziliwekwa mezani kabla ya kuchimba, kampuni ya Tata Chemicals ikajitoa mwaka 2008, na baadaye mipango ya magadi ikaelekezwa bonde la Engaruka. Taifa halikupoteza magadi yake. Lilibadili mahali pa kuyatafuta, na liliweza kwa sababu hapakuwa na zege lililomwagwa.

Natron inatufundisha na jambo lingine ambalo ripoti zetu za tathmini ya athari kwa mazingira hulipita haraka. Heroe hawazaliani kila mwaka. Husubiri kina cha maji kiwe sawasawa. Mtaalamu akifika mwaka ambao hawakutaga atakuta matope matupu, na akiandika kwamba hakuna viota atakuwa amesema kweli ya siku ile, lakini atakuwa amepotosha mradi mzima. Ndivyo ilivyo hata kwenye barabara za kawaida. Tunampeleka mtaalamu kiangazi kwa sababu njia inapitika, ilhali mnana wengi husuka viota mvua zinaposhuka na nyasi zikiwa mbichi. Cheti kinatolewa, mkandarasi analeta mitambo masika, na opereta wa buldoza anaukuta mti umejaa makinda ambao kwenye ripoti ni mti mtupu.

Ningependa tukae zaidi hapa saiti, maana ndipo mengi yanapowezekana kwa gharama ndogo. Chukueni mashimo ya moramu. Ukingo ukiachwa wima kwa wiki kadhaa, keremkerem hutoboa mashimo ndani yake na kutaga. Ukilazwa kwa mteremko jioni ya siku ya kuchimba, hawatakuja, na hapatakuwa na mayai ya kufukiwa wala kazi ya kusimamishwa. Makalvati ya zamani nayo hubeba viota vya mbayuwayu. Yavunjwe kabla hawajaanza kujenga au baada ya makinda kuruka. Miti ya kukatwa ikatwe mapema, nje ya msimu, hata kama lami itafika hapo mwaka unaofuata.

Kiota kikikutwa licha ya hayo, kazi ihamie sehemu nyingine ya barabara. Kwa ndege wengi wadogo, tangu kuatamia hadi makinda kuruka ni majuma machache tu. Kinachoshindikana mara nyingi ni malipo: mitambo ikisimama mkandarasi anadai fidia ya ucheleweshaji, mhandisi mshauri anaikataa, na katikati ya mvutano huo mti unaangushwa usiku. Kwa hiyo napendekeza zabuni ziwe na kipengele chenye bei yake cha ukaguzi wa viota siku chache kabla ya kila eneo kusafishwa, na kingine cha muda wa kusubiri, vilipwe kama zinavyolipwa kazi nyingine. Na opereta anayezima mashine kwa sababu ameona kiota alipwe saa zake zote za siku hiyo, kwa maandishi, ndani ya mkataba wa mradi.