Kabla ya Kufungua Laptopu ya Kikundi



Ndugu na dada wa vikundi, siku hizi wengi wenu mnaweka hesabu za akiba na mikopo kwa laptopu. Siku ikikataa kuwaka, kijana mmoja husema, "Leteni kisu niifungue." Hapo ndipo hasara huanza.

Kufungua si makosa, lakini kuna utaratibu. Kwanza zima kabisa, chomoa chaja. Tumia bisibisi inayoingia sawasawa, si kisu. Chora umbo la mashine kwa karatasi, na kila skrubu iweke mahali pake hapo, kwa maana hazilingani urefu. Ndefu ikirudishwa penye fupi inaweza kuharibu vya ndani. Mfuniko ukikataa, usilazimishe; pengine kuna skrubu imejificha chini ya vile vipira vya miguu.

Ukishafungua, betri itoke kwanza kabla hujagusa kingine. Ukiiona imevimba, wacha hapo hapo, peleka kwa fundi. Betri ya lithiamu ikitobolewa yaweza kuwaka moto, na moshi wake ni sumu.

La mwisho: mashine kufa si hesabu kufa. Hesabu zimo kwa diski, na mara nyingi fundi anaweza kuisomea kwa kompyuta nyingine. Basi msiiuze kama chuma kuukuu. Na daftari la mweka hazina liendelee kuandikwa kila mkutano. Ile akiba ni jasho la akina mama. Isipotee kwa haraka ya mtu mmoja.