Siku mtaa ulipokuwa mazikoni

(Maneno yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wageni wafadhili)



Nimeombwa niseme machache kuhusu mji wa kale wa Lamu, ambako nimefanya kazi za maendeleo ya jamii. Wengi mmeuona pichani: milango ya nakshi, punda, vichochoro vyembamba. Tangu mwaka 2001 mji huo umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Mimi leo nataka kusema juu ya watu.

Mara ya kwanza tuliitisha mkutano wa mradi wa maji saa kumi alasiri. Tulikodi viti hamsini, tukanunua soda. Walikuja watu wanne. Kwa hasira niliandika katika ripoti kwamba wananchi hawana mwamko. (Neno hilo sisi watu wa miradi tunalipenda sana.) Siku chache baadaye mzee mmoja aliniita barazani kwake, akaniagizia kahawa, akasema: "Mwanangu, siku ile mtaa mzima ulikuwa mazikoni. Ungeuliza hapa ungeambiwa." Kumbe habari ilitangazwa msikitini tangu asubuhi. Vijana walikwenda kuchimba kaburi, na kina mama wakawapikia wafiwa. Kazi yote hiyo haikuwa na bajeti wala fomu.

Hata hivyo barazani huketi wanaume, na wanaohangaika na maji ya nyumbani ni wanawake. Mzee yule hakujua kwamba kisima cha nyuma ya nyumba yake kilikuwa kimeingia chumvi. Tulilijua hilo kwa sababu mwenzetu wa kike alikaribishwa uani, akaketi na kina mama wakichambua mchele.

Wala nisiwapambie. Mtaa wa zamani ulikuwa na ngazi zake. Mkomani, kwenye majumba ya mawe, walikaa waungwana. Langoni kulikuwa na nyumba nyingi za makuti, za wageni na za watu waliotoka utumwani. Mwishoni mwa karne ya 19 Habib Swaleh, mzaliwa wa Komoro, aliwasomesha dini hao waliodharauliwa. Leo Msikiti wa Riyadha uko Langoni, na Maulidi yake huwavuta watu kutoka nchi nyingi. Kwa hiyo mtu akikuambia "mtaa umekubali", muulize ni nani waliokuwapo.

Sasa majumba kadhaa ya Mkomani na ya kijiji cha Shela yamenunuliwa na watu wanaokuja wiki chache kwa mwaka. Jengo linakarabatiwa vizuri, lakini daka, yaani kile kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe, halina anayeketi. Jirani akifiwa, mlango huo hautoi mtu. Na maji ya mji hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, ambako viwanja vimegombewa kwa miaka mingi. Ni nani atakayevilinda ikiwa majirani hawajuani?

Ombi langu ni moja. Kabla ya kuchora mradi wowote wa mtaa, tulipe miezi mitatu ya wafanyakazi wawili, mwanamume na mwanamke, wakae tu na watu. Wafadhili wetu, hakutakuwa na picha ya kuwatumia. Fomu ya maombi mliyo nayo mikononi haina mahali pa kuandika gharama hiyo. Naomba kamati ipaongeze leo, kabla hatujaenda kula.