Kamera ya Kazi katika Mbuga ya Meru: Hotuba kwa Wahitimu

Kamera ya kupigia wanyamapori picha huchaguliwa porini kabla haijalipiwa dukani. Mhitimu anayetoka katika mahafali haya kwenda kuifanya kazi hiyo ana uwanja wa karibu wa kupimia chaguo lake: Mbuga ya Kitaifa ya Meru, iliyotangazwa mwaka 1966, yenye takriban kilomita mraba 870 kati ya vilima vya Nyambene na Mto Tana.

Picha za simba jike Elsa, aliyeachiwa huru huku Meru, zilizoenea duniani baada ya kitabu cha mlezi wake Joy Adamson cha mwaka 1960, zilipigwa kwa karibu kwa sababu simba huyo alilelewa na watu. Mnyama wa Meru wa leo hana mazoea hayo. Nyasi ni ndefu, vichaka vimeshonana, mikoma imejipanga kando ya mito, na gari haliruhusiwi kuacha barabara. Ndiyo maana lenzi hutangulia na kamera hufuata. Lenzi ya milimita 300 humtosha tembo au twiga aliye kando ya njia. Swala twiga aliyesimama kwa miguu ya nyuma akichuma majani, au chui aliye ng'ambo ya Mto Rojewero, hudai milimita 500 au 600.

Upenyo wa lenzi nao una uzito wake. Lenzi ya f/4 hupitisha mwanga maradufu ya ile ya f/5.6, na karibu na Ikweta jua hupanda haraka: mwanga laini wa asubuhi haudumu, na kufikia saa tano joto linalopanda ardhini huichafua picha ya mbali hata kwa lenzi ya bei kubwa kabisa. Anayeanza kazi atafaidika zaidi kwa lenzi ya kuvuta na kurudisha, ya f/6.3, kuliko kukopa pesa za lenzi ya f/4 yenye kilo tatu.

Kamera yenye sensa ndogo huipunguzia lenzi mzigo. Kwenye sensa hiyo, milimita 400 huona takriban eneo lilelile ambalo milimita 600 ingeona kwenye sensa kamili ya milimita 36 kwa 24. Sensa kamili hulipa fidia wakati wa giza, kwa kuwa picha zake hazijai chembechembe mapema.

Kamera za sasa zisizo na kioo hutambua jicho la mnyama na kulifuata lenyewe. Hata hivyo, simba akilala nyuma ya nyasi, mara nyingi kamera hushika majani yaliyo mbele na kumwacha simba akiwa ukungu. Kwa hiyo mnunuzi ahakikishe kwamba kuna kitufe chini ya kidole gumba cha kurudi papo hapo kwenye nukta moja ndogo ya fokasi, bila kuondoa jicho kwenye kitazamio. Kitufe hicho kina faida zaidi kuliko megapikseli za ziada. Kamera hizi pia hupiga bila mlio, jambo jema kwa mnyama mwoga, ila hula betri haraka. Mbili za akiba ni za lazima. Nafasi mbili za kadi huokoa kazi kadi moja inapoharibika.

Ndani ya gari, miguu mitatu haina nafasi. Mfuko wa kitambaa uliojazwa maharagwe kutoka soko lolote la Meru au Embu, ukitandazwa kwenye dirisha, huishika lenzi nzito vizuri, mradi injini imezimwa. Vumbi jekundu huzuiwa kwa mpira wa kuzibia viungo vya kamera, na kwa kutobadilisha lenzi gari linapokwenda.

Kifaa kilichotumika kinafaa kununuliwa. Huulizwa shata imepiga mara ngapi, kisha lenzi humulikwa kwa tochi upande wa nyuma: nyuzi nyembamba zilizotandaa ndani ya kioo ni kuvu, na lenzi hiyo hurudishwa kwa mwenyewe.