Haba na Haba Hujaza Kibaba cha Nani?

(Mazungumzo ya wapiga muziki mbele ya mkutano wa wanachama)



Twajua wengine wenu mwajiuliza, mpiga gitaa ana neno gani katika mkutano wa wafanya kazi? Neno analo. Gitaa ni jembe letu. Usiku mnapostarehe, sisi tuko kazini. Tuna watoto wa kusomesha, tuna kodi ya nyumba, na matajiri tunao vile vile.

Zamani wengi wetu waliingia studio, wakapiga, wakalipwa mara moja, wakaenda zao. Santuri ikauzwa River Road mwaka baada ya mwaka, na wao hawakuona senti nyingine. Kisha zikaja kaseti, na kila mwenye mashine ya kunakili akageuka mwenye duka. Siku hizi wimbo hukaa katika mitambo ya intaneti, na msikilizaji huuita kwa simu yake. Tuliambiwa kwamba sasa mtu wa katikati amekwisha. Ndugu, yuko, amebadili kanzu tu.

Sikilizeni jinsi fedha zinavyokwenda. Kampuni ya intaneti hukusanya ada za wasikilizaji na fedha za matangazo. Hukata fungu lake, karibu sehemu moja katika tatu. Zinazobaki hugawanywa kwa kadiri kila wimbo ulivyosikilizwa. Spotify, iliyoingia Kenya mwaka 2021, iliweka kanuni mwaka 2024 kwamba wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 katika miezi 12 haulipiwi fungu la rekodi. Haba yake huenda kujaza kibaba cha wengine.

Hapa kwetu liko na pato la simu, yaani ule wimbo anaousikia mpigaji akingoja kujibiwa, ambao wengi tunauita Skiza. Mwaka 2022 Sheria ya Hakimiliki ilirekebishwa. Kampuni ya simu iliwekewa asilimia 39.5, wakala asilimia 8.5, na asilimia isiyopungua 52 iwe ya msanii au mwenye hakimiliki. Tulishangilia, na ilistahili kushangiliwa. Lakini tazameni neno lile dogo, "au". Msanii ni mmoja, mwenye hakimiliki aweza kuwa mwingine.

Sisi wenyewe tulijifunza kwa machozi. Tulipiga usiku kucha katika studio moja mjini, watu wanne. Asubuhi tukapewa nauli na chai, tukatia sahihi karatasi ambayo hakuna aliyeisoma, maana macho yalikuwa mazito. Leo twausikia wimbo ule katika matatu, na kondakta anauimba. Jina lililoandikwa ni la mwenye studio. Mpiga ngoma wetu alipougua tulipitisha kofia, na wimbo wake unalia dirishani.

Fanyeni hesabu. Tuseme wimbo umeleta shilingi 10,000 za simu. Asilimia 52 ni shilingi 5,200. Kama karatasi ina majina manne kwa mafungu sawa, kila mmoja apata 1,300. Kama ina jina moja, huyo achukua zote, na watatu wapata sifa. Mtambo haujui nani alitoa jasho. Mtambo wasoma majina.

Kwa hiyo twasema hivi. Kwanza, asitoke mtu studio kabla ya kuandika nani alitunga, nani aliimba, nani alipiga nini, na fungu la kila mmoja. Pili, kazi isajiliwe kwa Halmashauri ya Hakimiliki, KECOBO. Tatu, karatasi ya tajiri isitiwe sahihi usiku. Iletwe chamani kwanza, isomwe kwa sauti.

Mtu atasema, kampuni hizi ni kubwa na ziko mbali, chama kitafanya nini? Tuwakumbushe habari ya Marekani. Tarehe 1 Agosti 1942, wapiga muziki wa chama cha American Federation of Musicians, wakiongozwa na James Petrillo, waliacha kupiga kwa ajili ya santuri, kwa kuwa santuri ilikuwa inawanyang'anya kazi. Decca ilikubali mwaka 1943. Columbia na RCA Victor zilishikilia mpaka Novemba 1944, nazo zikakubali. Kwa kila santuri iliyouzwa, kiasi kidogo kiliingia katika mfuko wa chama, na mfuko ukawalipa wapiga muziki wakapigia watu bure. Mashine haikuvunjwa. Ilitozwa.

Haikuwa kazi ya mtu mmoja mwenye sauti nzuri. Walinyamaza wote pamoja, hata kampuni zikasikia.

Nanyi wenzetu wa viwandani, bandarini na maofisini, msaada wenu tunautaka. Mkialika bendi harusini, andikianeni mapatano, mlipe sehemu kabla ya siku yenyewe. Msimwambie mpiga muziki kwamba atalipwa kwa kujulikana. Mwenye duka la unga hapokei kujulikana.

Haba na haba hujaza kibaba, hilo twalikubali. Tunachodai ni majina yetu yaandikwe juu ya kibaba.

Umoja ni nguvu.