Utalii wa Anga za Juu: Bei ya Tiketi na Haki ya Abiria

Mada kwa semina ya wadau wa utalii na usafiri, Pwani ya Kenya

1. Utangulizi

Nimeombwa nieleze kama safari za anga za juu zitafikia bei ambayo mtu wa kipato cha kati anaweza kuimudu. Nitakayosema ni maoni yangu kama mwalimu wa sheria ya usafiri, si msimamo wa chuo wala wa serikali.

2. Ufafanuzi

Mtalii wa anga za juu ni mtu anayelipa, au kulipiwa, aende huko kujionea, si kikazi. Safari zenyewe ni za aina mbili. Kuna ya kupanda na kushuka: chombo hufika kilomita 80 hadi 100 hivi, abiria huelea kwa dakika chache, kisha hurudi. Ile ya New Shepard, chombo cha kampuni ya Blue Origin, huchukua kama dakika 10. Kuna pia ya kuizunguka dunia, ambayo hudai mwendo wa karibu kilomita 28,000 kwa saa.

3. Hali ya bei

Mwaka 2001 Mmarekani Dennis Tito alikwenda Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kwa chombo cha Kirusi, Soyuz, kwa gharama iliyotajwa kuwa dola milioni 20. Mwaka uliofuata Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alipita njia hiyohiyo. Miaka 20 baadaye, kiti cha safari ya kampuni ya Axiom ya 2022 kilitajwa kuwa dola milioni 55. Kwa safari fupi, kampuni ya Virgin Galactic ilianza na tiketi ya dola 200,000, ikapanda hadi 250,000, ikawa 450,000 mwaka 2021, kisha 600,000.

Kwa hiyo bei imepanda, ilhali tangu Desemba 2015 kampuni ya SpaceX imekuwa ikirudisha salama sehemu ya chini ya roketi ya Falcon 9 na baadaye kuirusha tena. Gharama ya kurusha mzigo imepungua, lakini nafuu hiyo haijamfikia abiria. Wachumi watasema viti ni vichache, safari ni chache, na gharama za karakana na mafundi ziko palepale. Ni kweli. Lakini iko sababu nyingine, ambayo nimeipigia kelele kwa miaka mingi.

4. Abiria asiye na kinga

Chukueni mfano wa mama mfanyabiashara wa Mombasa aliyenunua tiketi ya roketi huko Texas. Anapanda ndege Nairobi. Tangu hapo analindwa na Mkataba wa Montreal wa 1999: akiumia katika ajali ndani ya ndege, shirika linawajibika kumlipa hadi kiwango kilichowekwa bila yeye kuthibitisha uzembe wa mtu. Hata sanduku lake likipotea, kiwango cha fidia kipo.

Kesho yake anaingia kwenye roketi. Kabla ya kufunga mkanda amekwisha kupewa maandishi yanayomweleza kwamba serikali ya Marekani haijathibitisha kuwa chombo hicho ni salama kubeba watu. Ametia saini kwamba amezielewa hatari, na ameachilia haki ya kuidai serikali hiyo. Sheria za Texas zinaikinga kampuni dhidi ya madai yake, isipokuwa kwa makosa mazito kama uzembe uliokithiri au kudhuru kwa makusudi. Chombo kikitua kwa kishindo na kumvunja uti wa mgongo, atadai kwa nani? Sanduku lake lilikuwa na kinga kubwa kuliko mwili wake.

Mikataba ya kimataifa haimsaidii. Ule wa Dhima wa 1972 unamlinda aliye chini akiangukiwa na chombo. Haukuandikwa kwa ajili ya aliyemo ndani. Huko Marekani, tangu 2004 Bunge limeizuia mamlaka ya usafiri wa anga kuweka kanuni za usalama wa wasafiri hawa, isipokuwa pale ajali au tukio la hatari limeonyesha haja. Zuio hilo limesogezwa mbele mara kadhaa, na sasa linafika Januari 1, 2028.

Kila nilipolileta suala hili kwenye vikao, nimejibiwa kwamba biashara bado changa, tuiache ikue kwanza. Naheshimu hoja hiyo, lakini historia inaikataa. Mkataba wa Warsaw wa usafiri wa ndege ulitiwa saini 1929, miaka miwili tu baada ya rubani Charles Lindbergh kuvuka Atlantiki peke yake. Usafiri wa ndege ulikuwa mchanga hasa. Mkataba ule ulimpa abiria haki ya fidia na ukaiwekea kampuni kikomo cha malipo, hivyo mwenye bima akaweza kupiga hesabu.

Hapo ndipo bei inapohusika. Hatari ya safari hizi ni kubwa: vyombo vya Marekani vya space shuttle viliruka mara 135 kati ya 1981 na 2011. Viwili vilipotea na watu 14 wakafa. Mwaka 2014 rubani mmoja alikufa chombo cha Virgin Galactic kilipovunjika angani katika majaribio. Hatari ya namna hii bila dhima inayoeleweka humwangukia msafiri peke yake, na mwenye uwezo wa kuibeba peke yake ni tajiri. Biashara ikibaki ya matajiri, safari zitabaki chache. Zikiwa chache, bei haitashuka.

5. Pwani yetu

Kituo cha Luigi Broglio karibu na Malindi kilirusha setilaiti kati ya 1967 na 1988, na wapo wanaotamani kituo cha kurushia watalii hapa. Kuwa karibu na ikweta kunasaidia chombo kinachozunguka dunia. Kile cha kupanda na kushuka hakipati faida ya maana. Tena, chini ya mkataba wa 1972, nchi ambayo ardhi yake imetumika kurushia huhesabiwa miongoni mwa zinazowajibika kwa madhara, hata roketi ikiwa ya mgeni.

6. Mapendekezo

Kwa heshima, napendekeza:

(a) Serikali ziandae mkataba wa dhima kwa abiria wa anga za juu, kwa mfano wa Warsaw na Montreal.
(b) Zuio la Marekani lisiongezwe tena baada ya 2028.
(c) Kampuni zilazimike kuwakatia abiria bima yenye kiwango cha chini kinachojulikana.
(d) Taarifa za ajali na hitilafu zitangazwe, ili wenye bima wapige hesabu.
(e) Mawakala wa utalii wasiuze tiketi hizi bila kumweleza mteja haki anazoziachilia.
(f) Kenya isikubali kituo cha watalii kabla ya sheria ya dhima na bima.
(g) Wizara za utalii na za sheria zikae meza moja.
(h) Narudia: abiria alindwe kwanza, ndipo tuzungumze bei.

7. Hitimisho

Kwa miaka mingi ijayo safari hizi zitabaki za wachache. Zitafunguka kwa wengi siku abiria atakapokuwa na haki anayoweza kuidai mahakamani. Nawaomba wadau wa utalii mlichukue suala hili kama lenu, kwa sababu mteja atakayeumia atawauliza ninyi mliomuuzia tiketi.