TUAZIMANE, LAKINI TURUDISHE

(Hotuba iliyotolewa Ngamiani, Tanga, mbele ya vikundi vya michezo ya kuigiza)



Nimeombwa niseme juu ya shauri la kuazimana vyombo baina ya vikundi vyetu. Nadhani mmenichagua kwa sababu ya umri wangu. Lau mngeijua habari yangu pengine mngemchagua mwingine, nayo nitaisema.

Tazameni kwanza jinsi tunavyokwenda. Kikundi kinataka kucheza Kinjeketile, mchezo wa Ebrahim Hussein uliochapishwa mwaka 1969. Mle wamo askari wa Wajerumani, basi zatakiwa sare za kaki, kofia, mikanda na bunduki za mti. Fedha inachangwa, fundi cherehani analipwa, mchezo unachezwa mara mbili, kisha sare zinatupwa chini ya kitanda cha katibu. Mwaka wa pili kikundi cha mtaa wa jirani kinautaka mchezo ule ule. Nacho kinachanga upya na kushona upya, na huku panya wanazila zile za kwanza! Fedha hiyo ya mara ya pili ingetosha kukodi jenereta na vipaza sauti, na watu waliokaa nyuma wangesikia maneno.

Mtu atanijibu kwamba wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Kweli walisema. Lakini jukwaani kila nguo ni ya kuazima, hata tuliyoinunua. Mwuza samaki akivaa joho la mfalme usiku, asubuhi yuko sokoni na samaki wake.

Mwaka 1977 huko Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru nchini Kenya, wakulima na wafanyakazi walijijengea kwa mikono yao ukumbi wa wazi wa kukalisha watu zaidi ya 2,000. Wakacheza humo Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Serikali ya siku zile iliupiga marufuku, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Naitaja habari hii kwa kuwa watu wasio na fedha walipata ukumbi, kila mmoja akileta alichokuwa nacho, hata kama ni nguvu zake tu. Sisi tuna vikundi vinne na hatuna pazia moja la kushirikiana.

Sasa habari yangu. Miaka kumi na miwili iliyopita niliazima ngoma kubwa kwa kikundi jirani. Ilikuwa masika. Ikanyeshewa njiani, ngozi ikalegea, nasi tukaiweka karibu na moto ili ikaze, kama wafanyavyo watu wote. Kijana aliyepewa kazi ya kuiangalia akaenda kutazama mazoezi. Ngozi ikapasuka ukingo hadi ukingo. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa kikundi, na sikwenda kusema. Nilimtuma mtoto wakati wa magharibi akaiache mlangoni.

Wenyewe hawakuuliza neno. Lakini tangu siku ile hatukuazimwa hata kayamba, wala na wao wala na wengine, nami sikuwa na uso wa kuomba. Mchezo uliofuata tulipiga debe, na watu walicheka pale tulipotaka walie. Baada ya miaka miwili kikundi kikafa, na wachezaji tulikuwa nao tele.

Kwa hiyo nasema hivi. Msijenge ghala. Ghala lina ufunguo, na ufunguo huzaa ugomvi. Kila kikundi kikae na vitu vyake, ila orodha iwe moja, katika daftari moja: kitu gani, cha nani, kimetoka lini katika hali gani, kitarudi lini. Ngoma iende na mtu wa kikundi chake anayejua kuitunza, na mwenye kuazima amlishe mtu huyo. Kikiharibika, aliyeazima akirudishe mwenyewe, mchana, watu wakiona. Asiye na fedha ya kukitengeneza atoe siku zake za kazi, apake rangi au abebe viti.

Kitabu cha mchezo si kama ngoma. Kitabu chenyewe azimaneni mpendavyo, lakini kukipiga chapa nakala ishirini bila ruhusa ya mwandishi sheria ya mwaka 1999 inakataza, na mwandishi naye ana watoto.

Mzee mwenye ngoma ile yumo humu ndani. Nimemwona tangu nilipoingia. Mzee wangu, ngozi nimekwisha nunua, iko nje kwenye baiskeli. Fundi wa kuwamba atafika Jumamosi, ukiniruhusu kuja nyumbani kwako. Na daftari hili hapa mezani. Mstari wa kwanza nimeandika jina langu na ngoma yako. Anayetaka zile sare za kaki aje aandike wa pili.